Jina la Mfadhili katika Daftari la Chuo Kikuu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya mfanyabiashara, ambaye akikopesha bila kuandika hujikuta siku moja ana duka tupu na wadeni wasiokumbuka deni. Lakini inaweza kusemwa juu ya chuo kikuu pia, tena kwa uzito zaidi, kwa sababu chuo kikuu kinaweza kupoteza kitu cha thamani kuliko mali. Kinaweza kupoteza habari za yule aliyekipa mali hiyo. Na kikizipoteza, hakiwezi tena kueleza kwa nini kilichunguza kilichochunguza, wala kwa faida ya nani.

Katika vyuo vikuu vikubwa vya siku hizi pana ofisi ambayo wanafunzi hawaijui na walimu wengi huiendea shingo upande. Kazi yake ni kupokea maombi ya fedha za utafiti kabla hayajapelekwa nje, kuyaandikisha katika kanzidata, na kuyafuata hatua kwa hatua mpaka yakubaliwe au yakataliwe. Kila ombi hupewa nambari. Mbele ya nambari huandikwa jina la mtafiti mkuu, idara yake, kichwa cha mradi, kiasi kinachoombwa, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na jina la mfadhili. Ombi likikubaliwa hufunguliwa hesabu, na tangu hapo kila malipo hupita mbele ya macho ya mhasibu. Kwa mtazamaji wa mbali hii ni kazi ya makarani tu. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Safu moja katika kanzidata hiyo, ile ya jina la mfadhili, ina historia nzito, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka Marekani katika karne ya 20. Huko ndiko utafiti wa kulipiwa ulikokua kwa kasi kubwa, na huko ndiko safu hiyo ilikojazwa majina ya uongo miaka mingi bila makarani walioijaza kujua.

Lugha yenyewe husaidia kulipambanua jambo hili. Kiswahili kina maneno mawili ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni moja: mfadhili na mdhamini. Mfadhili ni mtu wa fadhila. Hutoa kwa wema, na aliyepokea hubaki na shukrani. Mdhamini ni mtu wa dhamana. Husimama mbele ya watu na kukubali kwamba jambo likiharibika atafutwe yeye. Fadhila inaweza kutolewa gizani. Dhamana haiwezi, kwa kuwa dhamana isiyo na jina si dhamana. Neno walitumialo Waingereza na Wamarekani kwa mlipaji wa utafiti lilitoka katika Kilatini, na huko lilikuwa na maana ya mdhamini. Habari zifuatazo ni habari za jinsi mdhamini alivyojivika joho la mfadhili, kisha akaficha uso wake chini ya joho hilo.

Hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20, profesa wa Marekani aliyetaka kuchunguza jambo alitegemea mshahara wake, vifaa vya idara yake, na pengine ukarimu wa tajiri aliyependa kuona jina lake juu ya mlango wa maabara. Mabadiliko yalikuja pale utajiri mkubwa wa viwanda ulipogeuzwa kuwa wakfu. Shirika la Carnegie la New York lilianzishwa mwaka 1911, na Wakfu wa Rockefeller mwaka 1913. Taasisi za namna hii zilipenda kujua fedha zao zinakwenda wapi. Zilitaka maelezo ya kazi, makadirio na taarifa. Hivyo mwanachuoni akajifunza kuandika barua ya aina mpya, nusu yake elimu na nusu yake biashara.

Viwanda navyo vilibisha hodi. Mwaka 1919 chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kwa kifupi MIT, kilitunga mpango ambao kwa huo makampuni yalilipa ada na kupata msaada wa maktaba yake na wataalamu wake. Mwaka 1920 kikaunda idara maalumu ya kusimamia mikataba hiyo. Hapo tayari mbegu ya ofisi ya leo ilikuwa imepandwa: mlipaji upande mmoja, mtafiti upande wa pili, na katikati yao karani mwenye daftari.

Mbegu hiyo ilimea kwa vita. Mwezi wa Juni 1940 Rais Franklin Roosevelt aliunda kamati ya utafiti wa ulinzi, akaiweka chini ya Vannevar Bush, mhandisi aliyekuwa zamani makamu wa rais wa MIT. Mwaka uliofuata ikaundwa ofisi kubwa zaidi ya utafiti na maendeleo ya sayansi, chini ya Bush yuyo huyo. Bush hakuchagua kujenga maabara za serikali na kuwaita wanasayansi waje. Alichagua kutia saini mikataba na vyuo na makampuni, kazi ifanyike kule kule waliko. Maabara ya rada ya MIT ilianza mwishoni mwa mwaka 1940 ikiwa na watu wachache, na kabla vita havijaisha ilikuwa na watu karibu 4,000. Mikataba hiyo ilifuata kanuni moja: chuo kisipate faida wala kisipate hasara. Kanuni ni fupi, lakini utekelezaji wake ni mrefu, kwa sababu ili kujua hasara ni lazima kujua gharama, na si gharama ya mitambo na mishahara peke yake, bali pia ya taa, maji, ulinzi wa usiku, na karani anayeandika hesabu zenyewe. Ofisi za hesabu za vyuo, zilizokuwa zimezoea karo za wanafunzi na posho za chakula, zilijikuta zinashughulika na mamilioni.

Vita vilikwisha, lakini mikataba haikwisha. Mwezi wa Julai 1945 Bush alitoa taarifa iliyoitaka serikali iendelee kulipia sayansi wakati wa amani. Mwaka 1946 Jeshi la Majini lilianzisha ofisi yake ya utafiti, na mwaka 1950 Rais Harry Truman alitia saini sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Sayansi. Kisha, tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi wakarusha Sputnik, na hofu ikafungua mfuko ambao hoja zilikuwa zimeufungua nusu: bajeti ya taasisi hiyo ilipanda kutoka dola milioni 40 mwaka 1958 hadi milioni 134 mwaka 1959.

Fedha nyingi huzaa kanuni nyingi. Mwaka 1958 ofisi ya bajeti ya serikali ilitoa waraka uliopewa nambari A-21, ambao ulieleza gharama zipi chuo kinaweza kudai na zipi hakiwezi. Wakati huohuo ilionekana kwamba wizara mbili huweza kumlipa mtu mmoja kwa kazi moja bila kujuana. Kwa sababu hiyo kulikuwa na kituo cha kubadilishana habari za utafiti, ambacho kilianza na utabibu, kikapanuka hadi sayansi nyingine, na kwa miaka mingi kikalelewa na Taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Kila mradi uliandikwa katika ukurasa mmoja: kichwa cha kazi, jina la mtafiti, chuo chake, mlipaji wake, na muhtasari wa maneno kama 200. Hii ilikuwa kanzidata kabla kompyuta haijaingia kila ofisi.

Kwa hiyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1950, daftari la utafiti lilikuwa limeshika umbo lake. Lilijua kuuliza kiasi gani, kwa muda gani, na kwa matumizi gani. Mkaguzi wa hesabu angeweza kufuata dola moja kutoka hundini hadi katika chupa ya kemikali. Lakini juu ya swali la nani, daftari lilikuwa na imani ya mtoto mdogo. Jina lilipokelewa kama lilivyoandikwa juu ya karatasi ya mtoaji, na hakuna aliyeulizwa kama nyuma ya jina hilo pana jina jingine.

Pengo hilo lilionwa mapema na watu waliojua kulitumia. Mwezi wa Aprili 1953 Allen Dulles, mkuu wa Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, aliidhinisha mpango wa siri ulioitwa MKULTRA, uliokusudia kuchunguza dawa na njia za kutawala akili na mwenendo wa mwanadamu. Msimamizi wake alikuwa mkemia Sidney Gottlieb. Kazi hiyo ilihitaji madaktari, wanasaikolojia na maabara, na vitu hivyo vilikuwa katika vyuo na hospitali. Shirika la ujasusi halikuweza kuandika jina lake katika daftari la chuo, likaazima majina. Mojawapo lilikuwa la chama cha kuchunguza ikolojia ya binadamu kilichoanzishwa New York mwaka 1955, ambacho baadaye kilijiita mfuko. Kilikuwa na barua zenye nembo, kilipokea maombi, na kiligawa ruzuku kama wakfu wowote. Baadhi ya wanachuoni waliolipwa walijua ni nani anayelipa. Wengine hawakujua, wakafanya kazi zao kwa moyo safi, na usafi wao ukawa pazia la wenzao.

Mfano mmoja waonyesha jinsi safu moja yenye uongo inavyoweza kuharibu hesabu nzima. Shirika hilo lilipitisha dola 375,000 kwa siri, kwa mkono wa wakfu wa kitabibu, zisaidie kujenga jengo jipya la hospitali. Serikali ilikuwa na utaratibu wa kuongeza fedha juu ya michango ya watu binafsi kwa ajili ya majengo ya namna hiyo. Ilipoona jina la wakfu, ikadhani ni mchango wa watu binafsi, ikaongeza. Serikali ikawa imejichangia yenyewe na kujipongeza kwa ukarimu wa wengine. Tarakimu zote zilikuwa sahihi. Jina peke yake lilikuwa la uongo.

Lakini madhara makubwa hayakuwa ya fedha. Katika chuo kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, daktari wa akili Ewen Cameron alipata kuanzia mwaka 1957 ruzuku kutoka kwa chama hicho cha ikolojia ya binadamu. Wagonjwa waliokuja kwake kwa huzuni na wasiwasi walilazwa usingizi wa dawa kwa siku nyingi, wakapigwa umeme wa kichwani mara kwa mara kupita desturi ya tiba, wakasikilizishwa maneno yaleyale yaliyonaswa katika kanda, yakirudiwa bila kikomo. Wako waliotoka wakiwa wamepoteza kumbukumbu za maisha yao. Hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio, sembuse kuambiwa nani analilipia. Mwaka 1988 serikali ya Marekani ilikubali kuwalipa baadhi yao dola 750,000 ili kumaliza kesi, na mwaka 1992 serikali ya Kanada, ambayo nayo ilikuwa imechangia kazi za daktari huyo, ilianza kuwalipa wengine. Mgonjwa akitaka kushtaki ni lazima ajue amshtaki nani. Kwa hiyo safu ya mfadhili, inayoonekana kuwa ya karani, huweza kuwa mlango pekee wa haki.

Siri hizi zilianza kuvuja kabla ya habari za MKULTRA kujulikana. Mwezi wa Aprili 1966 gazeti la Ramparts lilieleza kwamba mkataba wa chuo kikuu cha jimbo la Michigan wa kuisaidia serikali ya Vietnam ya Kusini, uliodumu tangu mwaka 1955 hadi 1962, ulikuwa umewapa majasusi kivuli cha kufanyia kazi. Mwezi huohuo gazeti la New York Times lilitaja uhusiano wa CIA na Baraza la Uhuru wa Utamaduni, shirika lililoanzishwa Berlin mwaka 1950 na kuwa na makao yake Paris. Mwaka 1967 ikathibitika kwamba habari hizo ni kweli.

Habari hizo ziligusa Afrika ya Mashariki papo hapo. Baraza hilo ndilo lililolipia mkutano wa waandishi wa Afrika waandikao kwa Kiingereza, uliofanyika katika chuo cha Makerere mwezi wa Juni 1962, ambao Chinua Achebe, Wole Soyinka na kijana Ngugi, wakati huo akiitwa James, walihudhuria. Baraza hilohilo lilisaidia jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, ambalo lilikuwa uwanja wa fikra huru kuliko majarida mengi ya wakati wake. Hakuna awezaye kusema kwamba mashairi na hadithi zilizosomwa Makerere ziliandikwa na majasusi. Lakini waandishi wale walinyimwa haki ya kuchagua. Waliketi mezani pa mtu wasiyemjua, na siku uso wake ulipofunuliwa, wao ndio waliotakiwa kujieleza. Jarida lililokuwa limejijengea heshima kwa kusema wazi lilipata doa kwa jambo ambalo halikuambiwa.

Uzito wa jambo hilo ulipimwa baadaye na kamati ya Baraza la Senati chini ya Frank Church. Kamati iliviweka kando vinara vitatu, yaani Ford, Rockefeller na Carnegie, ikachunguza ruzuku 700 zilizozidi dola 10,000 kila moja, ambazo wakfu nyingine 164 zilizitoa kati ya mwaka 1963 na 1966. Ikakuta kwamba ruzuku zisizopungua 108 zilikuwa na fedha za CIA, ama zote ama sehemu. Katika ruzuku za shughuli za kimataifa, karibu nusu zilikuwa za namna hiyo. Maana yake ni kwamba mwanachuoni aliyesoma jina la wakfu mdogo juu ya barua ya ruzuku kwa kazi ya nchi za nje alikuwa kama mtu anayerusha sarafu hewani. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi 1967, Rais Lyndon Johnson alikuwa amekubali shauri la kamati ya Nicholas Katzenbach kwamba serikali isitoe tena msaada wa siri kwa vyama vya elimu na vya hiari vya nchi hiyo.

Sehemu ya ajabu kuliko zote ilikuja baadaye. Mwaka 1973 Richard Helms, aliyekuwa akiondoka katika uongozi wa CIA, aliamuru majalada ya MKULTRA yateketezwe, na yakateketezwa. Wachunguzi wa Senati walipokuja mwaka 1975 waliambulia machache. Ilionekana kwamba habari imekufa pamoja na karatasi zake. Kisha mwaka 1977, katika kujibu ombi lililotolewa chini ya sheria ya uhuru wa kupata habari, yakagunduliwa masanduku saba katika ghala la nyaraka za zamani nje ya makao makuu. Yalikuwa yamepelekwa huko mwaka 1970 na sehemu ya bajeti na fedha, yakiwa miongoni mwa karatasi zake yenyewe, na kwa hiyo waliotafuta majalada ya mradi ili wayachome hawakuyaona. Ndani yake hamkuwa na maelezo mengi ya majaribio. Mlikuwa na idhini za malipo, hati za malipo, na hesabu za matumizi.

Kutokana na karatasi hizo kavu za wahasibu, mkuu mpya wa CIA, Stansfield Turner, aliweza kusimama mbele ya Senati tarehe 3 Agosti 1977 na kueleza kwamba kazi hiyo ilikuwa imefanywa katika taasisi 80, na kati yake 44 zilikuwa vyuo, na kwamba watafiti 185 wasio wa serikali walishiriki. Vyuo vingi vilijua hapo kwa mara ya kwanza vilikuwa vimemtumikia nani. Mwanahistoria atakalolishika hapa ni hili: taarifa za kitaalamu zilichomwa, barua zilichomwa, lakini daftari la malipo lilibaki, na lilipobaki likasema. Tena lililosema halikuwa daftari la vyuo. Daftari la vyuo lilikuwa na jina la uongo. Lenye jina la kweli lilikuwa la mlipaji. Vyuo vilikuja kusoma historia yao katika kitabu cha mtu mwingine.

Ingetegemewa kwamba baada ya somo hilo nguvu zote zingeelekezwa katika safu ya jina. Haikuwa hivyo kwa ukamilifu. Kweli, mwaka 1986 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuvitaka vyuo vitaje zawadi na mikataba ya nchi za nje inayofikia dola 250,000 au zaidi kwa mwaka. Lakini kelele kubwa za miaka iliyofuata zilihusu kiasi, si jina. Mwaka 1991 chuo kikuu cha Stanford kiliitwa mbele ya kamati ya Bunge kwa sababu katika gharama za uendeshaji zilizodaiwa serikali mlikutwa uchakavu wa mashua ya anasa. Kiwango chake cha gharama hizo kilishushwa kutoka asilimia 74 hadi 55, na rais wake, Donald Kennedy, akatangaza kujiuzulu, ingawa mwaka 1994 shauri lilimalizwa bila chuo kukutwa na udanganyifu. Tangu hapo vyuo vikazidi kuwa hodari wa kuhesabu.

Kompyuta ikauongeza uhodari huo. Katika miaka ya 1990 MIT ilitengeneza programu ya kufuata maombi na ruzuku, ikaiita Coeus, na vyuo vingine vikaichukua. Taasisi ya Taifa ya Sayansi nayo ilianza mwaka 1994 kujenga mfumo wake wa kupokea maombi kwa intaneti. Mwaka 2006 ikatungwa sheria ya kuitaka serikali kuu ionyeshe hadharani ruzuku na mikataba yake, na mwaka 2007 mwananchi yeyote akaweza kuitafuta kwa jina la mpokeaji. Katika kanzidata za vyuo kukazoeleka safu mbili badala ya moja: ya mfadhili aletaye fedha, na ya mfadhili wa asili ambaye fedha zilitoka kwake kabla ya kupita mkono wa mwingine. Safu hii ya pili ilitiwa kwa sababu za uhasibu, ili masharti ya serikali yafuate fedha zake popote ziendako. Haikuzaliwa na toba. Lakini laiti ingekuwapo mwaka 1957, na laiti watu wangelazimika kuijaza kwa kweli, wagonjwa wa Montreal wangekuwa na mtu wa kumwuliza.

Hata hivyo safu haijijazi. MIT, iliyokuwa kati ya vyuo vya kwanza kuwa na daftari bora, ilitoa mwezi wa Januari 2020 taarifa ya uchunguzi juu ya fedha za Jeffrey Epstein, tajiri aliyekuwa amehukumiwa huko Florida mwaka 2008 kwa makosa ya kumdhulumu msichana mdogo. Uchunguzi ulikuta michango 10 kati ya mwaka 2002 na 2017, jumla yake dola 850,000, na mingi ilipokelewa baada ya hukumu. Wakubwa wachache walikuwa wameruhusu mwaka 2013 fedha zake zipokelewe kwa sharti zisitangazwe. Magazeti yalikuwa yameeleza kwamba kanzidata ya chuo ilikuwa imempa alama ya mtu asiyestahili. Wachunguzi walieleza kwamba alama hiyo ilikuwa na maana nyingine kabisa: iliwekwa kwa mtoaji yeyote wa zamani aliyenyamaza au asiye na nia ya kutoa tena. Neno lililosomwa na watu kama hukumu lilikuwa kumbukumbu ya kawaida ya ofisi. Hukumu ilikuwa katika vichwa vya watu wachache, na haikuandikwa mahali ambapo wengine wangeiona.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni wasiwasi wa bure, kwa kuwa ukweli wa elimu hautegemei mkono uliolipa, na rada iliona ndege bila kujali mkataba. Hoja hii ina nusu ya haki. Jibu la swali linaweza kuwa kweli hata kama muulizaji ana nia mbaya. Lakini nani huchagua swali? Mlipaji ana sehemu yake katika uchaguzi huo, na msomaji hawezi kupima uchaguzi asioujua. Tena utafiti haufanywi juu ya mawe tu. Unapofanywa juu ya watu, ridhaa yao ni sehemu ya elimu yenyewe, na aliyefichwa jina la mlipaji hajaridhia bali amenyamaza.

Wengine watakumbusha kwamba dini husifu sadaka ya siri. Ni kweli. Lakini sadaka ya siri husifiwa kwa sababu mtoaji hataki kitu kwa aliyempa. Mkataba wa utafiti hutaka taarifa, hutaka matokeo, na mara nyingi hutaka haki ya kuyatumia. Mwenye kudai malipo hawezi kujificha nyuma ya heshima ya mwenye kusamehe. Akitaka kufichwa kama mtoa sadaka, na asidai chochote. Akidai, na ajitaje kama mdhamini.

Chuo kikuu chochote duniani kinachojenga kanzidata yake leo hakina sababu ya kuanzia pale Marekani ilipoanzia. Hesabu zake na ziwe sahihi, lakini haitoshi. Mbele ya jina la mfadhili na pawe na jina la mfadhili wa asili. Mbele ya zawadi isiyotangazwa na paandikwe nani aliyeikubali na siku gani. Na kila alama inayotumiwa na makarani ipewe maana ambayo mtu wa nje ataielewa. Kisha mtafiti, kabla ya kutia saini, na aulize swali ambalo profesa wengi wa mwaka 1957 hawakuliuliza, si kwa sababu lilikuwa gumu, bali kwa sababu barua ilikuwa na nembo nzuri na hundi ilikuwa imekwisha kufika.